Mbio za Nyika na Pumba za Mahindi

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kidogo, ukipiga chafya bwenini mkuu wa chuo anakuombea afya ofisini. Kiko Mbozi, upande wa Iyula, katikati ya mikahawa na mashamba ya mahindi, na hakikuwa na cha kujivunia isipokuwa mbio za nyika. Maktaba haikuwa na vitabu, maabara haikuwa na hata kibiriti, lakini miguu, ah, miguu tulikuwa nayo. Kila asubuhi tulitoka mchakamchaka tukiimba, na akina mama waliokuwa wanachuma kahawa walituuliza ni nani anayetukimbiza.

Mimi nimetokea Ibaba, milimani kule Ileje, ambako kwenda shule ni kushuka bonde moja na kupanda jingine. Sikuwahi kufundishwa kukimbia. Nilikuwa nachelewa tu, na mwalimu wa zamu alikuwa anasubiri getini na fimbo. Nilipofika chuoni wakaniambia nina kipaji, nikacheka sana.

Wapinzani wetu walikuwa chuo cha Tunduma. Tuliwaita Foleni, kwa ajili ya malori yanayolala barabarani yakisubiri kuvuka mpaka. Wao walituita Viazi, eti sisi ni watu wa shamba. Tukikutana uwanjani tunawapigia kelele, "Nyie Foleni, leo tena mtapanga foleni nyuma yetu!" Nao wanajibu, "Kiazi hakikimbii, kiazi kinabingirika!" Watu wazima hao, walimu watarajiwa, wanatukanana kama watoto wa chekechea. Lakini usidhani ulikuwa mzaha mtupu. Tukishindwa na Tunduma, bwenini watu walikuwa hawali.

Mwaka wangu wa mwisho mambo yalibadilika. Tulitangaziwa kwamba kwenye mbio za vyuo atakuja kocha wa timu moja ya majeshi, na wasichana wawili wa kwanza watachukuliwa kambini. Kambini maana yake ajira. Huo ualimu tuliokuwa tunasomea tulishajua mwisho wake. Kaka yangu alimaliza kabla yangu, cheti chake kimefungwa kwenye nailoni juu ya kabati, na yeye anabeba mizigo mpakani. "Serikali itatangaza nafasi" ni wimbo tulioimbiwa mpaka masikio yakaota sugu. Baba aliniambia bila kuzunguka, "Mwanangu, hili shamba haliwezi kulisha walimu wawili. Wakikuchukua, nenda. Wasipokuchukua, sijui nikwambie nini."

Kwa hiyo nilikuwa na mlango mmoja tu, na nilijua ninaweza kuupita. Msichana pekee aliyenisumbua alikuwa wa Tunduma, mrefu, binti wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kigoma. Alikimbia na suruali ndefu na mtandio aliobana vizuri kichwani, na hakuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeshamshinda mara mbili. Mara zote alinipa mkono mwishoni bila kunitazama usoni.

Mbio zilifanyikia kwao. Chuo chao hakiko mjini kabisa, kiko nje, upande unaoteremkia Momba, ambako wafugaji waliohamia na ng'ombe wao wametapakaa. Desturi ya mbio za nyika ni kwamba mwenyeji humtembeza mgeni njia nzima jana yake, ili asije akapotea. Sasa sisi tulipanda Fuso tangu asubuhi, na kabla hatujaingia Tunduma tukakwama nyuma ya malori. Nani asiyeijua ile barabara? Tulipofika jua lilishazama, na habari ya kutembezwa ikawa imekufa.

"Msijali," akatuambia mwalimu wao wa michezo, mtu mchangamfu sana. "Njia tumeichora. Kila njia panda fuateni pumba. Pasipo na pumba, nyoosheni."

Pumba! Unajua ni kwa nini? Chokaa ilikuwa imekwisha. Walikuwa wameipaka mawe yote ya kuelekea jukwaani kwa mgeni rasmi, na miti mpaka kiunoni, na ngazi, na hata kisiki kimoja ambacho hakikuwa na kosa lolote. Ilipofika zamu ya kuchora njia ya wakimbiaji, ndoo ilikuwa tupu, ndipo mtu akakumbuka kwamba jikoni kuna magunia ya pumba za mahindi, nazo ni nyeupe, na juu ya udongo mwekundu zinaonekana vizuri.

Mwalimu wetu, mtu wa Itaka ambaye likizo anafuga nguruwe, akaitikia kwa kichwa akasema, "Wazo zuri." Nami nikaona ni wazo zuri. Tulikuwa zaidi ya watu mia pale, watoto wa wakulima watupu. Sote tulijua pumba ni nini na anayezila ni nani. Sote tulijua ni kipindi gani cha mwaka, mahindi yameshavunwa, na yakishavunwa shamba linakuwa la kila mtu, ng'ombe wanafunguliwa asubuhi wakale mabua popote wapendapo. Hakuna aliyefungua mdomo. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba tungekuwa watu wa mjini ningesema basi, hawakujua.

Kesho yake filimbi ikalia. Nilitoka taratibu, nikawaacha wenye papara watangulie, kisha kwenye mteremko wa kwanza nikaanza kuwaokota mmoja mmoja. Tulipofika kijito nilikuwa mbele peke yangu, na nyuma yangu, karibu sana, nasikia raba za binti wa Kigoma. Njia panda ya kwanza, pumba. Ya pili, pumba. Nikavuka maji, nikapanda ukingo, nikafika njia panda ya tatu. Hakuna kitu. Udongo mtupu. Njia pana ilinyooka mbele, na kijia chembamba kilipanda kushoto kwenye mabua. Nikanyoosha, kama tulivyoambiwa.

Baada ya hapo sikusikia tena raba za mtu. Na niseme ukweli, nilifurahi. Nilijua nimemvunja moyo, ameachia. Nilikimbia vile ambavyo sijawahi kukimbia, kifua chepesi, magoti yanapanda yenyewe. Nikaanza kumwona mama anavyopiga vigelegele. Nikaona hata sare za kambini nimevaa. Jamani, mtu ukiwa na furaha unakuwa mjinga!

Kwenye kona nikakutana na ng'ombe. Kundi zima limeziba njia, wanatembea polepole, na pua zao nyeupe pee. Nyuma yao mzee mmoja na fimbo begani. Nikasimama. Nikazitazama zile pua.

"Shikamoo baba," nikasema, maana hata uwe unakufa, mtu mzima huwezi kumwuliza njia kabla ya salamu.

"Marahaba mwanangu. Mbona mbio hivyo, kuna usalama huko?"

"Baba, kulikuwa na pumba kule njia panda?"

"Zile pumba? Tumezikuta zimemwagwa, tena nyingi, tukasema Mungu mkubwa, hii ni sadaka ya mtu." Akaniangalia vizuri, akaiona namba iliyobandikwa kifuani kwangu kwa pini. Uso ukambadilika. "Oh, pole sana. Ningejua ni za serikali nisingewaacha waziguse."

Alikuwa mtu mwema, na ng'ombe wake walikuwa na njaa. Nikageuza. Nilirudi ile njia yote nikilia kwa sauti, na huku nakimbia, maana nilijipa matumaini kwamba labda wote wamepotea kama mimi. Hawakupotea. Binti wa Kigoma alikuwa anaifahamu njia, ni kwao, ameifanyia mazoezi mara ngapi. Alikata kushoto, na waliokuwa nyuma yake wakamfuata yeye. Nilipoingia uwanjani wapishi walishaanza kupakua wali. Mtu akapiga kelele, "Kiazi kimepotea shambani!" na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kikombe nacho kikaenda, kwa sababu zinajumlishwa nafasi za wakimbiaji wanne, na yangu peke yake ilitosha kutuzamisha. Wenzangu wakawaka. Wakasema Foleni wamefagia alama makusudi ili tupotee. Nikawaambia ni ng'ombe, nimewaona kwa macho yangu. Hawakutaka kusikia. Mwizi unaweza kumkunja shati, ng'ombe utamfanya nini? Mwalimu wao akaapa kwa jina la Mungu na la mama yake mzazi, wetu akamtupia filimbi, wakaamuliwa na wapishi. Mwamuzi mkuu akamaliza: mkimbiaji ndiye anayewajibika kuijua njia, matokeo ni yaleyale.

Nilimfuata yule kocha kwenye gari lake. Alikuwa mtu mpole, hakunifukuza.

"Nilikuona ulivyoanza," akasema. "Mbio unazo, binti. Lakini nimeagizwa wawili wa kwanza."

"Baba, rudieni. Hata sasa hivi. Sijachoka."

"Mgeni rasmi ameshaondoka, mwanangu."

Chuo kilipofungwa, Ibaba nilifika na begi langu na godoro langu. Baba alikuwa anapalilia viazi. "Wamekuchukua?" "Hapana." Akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, akanyoosha mgongo, akaniambia mama yako kaacha ugali jikoni. Hatujawahi kulizungumza tena. Mama ndiye anayesema Mungu akifunga mlango hufungua dirisha, nami namjibu vibaya, kisha naona aibu.

Siku hizi nami niko Tunduma, nauza vyombo vya plastiki kwenye kibanda cha mtu, karibu na mahali kaka anapobeba mizigo. Wateja wengi ni Wazambia. Nimejifunza kuhesabu Kibemba kabla sijamfundisha mtoto hata mmoja kuhesabu Kiswahili.

Mwezi uliopita akaja mteja, mrefu, ana mtandio, anachagua beseni. Tulitazamana tukajuana papo hapo. Moyo ulinidunda kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimekaa muda wote huo namwona kichwani yuko kambini, anakula nafasi yangu.

"Umekuja likizo?" nikamwuliza.

"Likizo gani? Namsaidia baba dukani." Akaweka beseni chini. "Hawakunipigia simu. Nikasubiri, nikawapigia mimi. Wakaniambia zile nafasi zilishajazwa kabla ya mbio, kocha alitumwa tu ili ionekane ametumwa."

Halafu akasema, safari hii ananitazama usoni, "Siku ile nilikuona unanyoosha. Nilijua unapotea. Ningeita mara moja tu, ungenisikia."

"Nikupe pole au nikupongeze?"

"Ungekuwa wewe, ungeniita?"

"Mimi? Ningekuacha ufike Zambia."

Tukacheka, wote wawili, mpaka mwenye kibanda akachungulia. Kisha kicheko kikaisha, na sikujua tufanye nini. Muda wote ule nilikuwa na mtu wa kumchukia, na ile chuki, nisikufiche, ndiyo ilikuwa inaniamsha asubuhi. Sasa hata yeye siwezi kumchukia. Alichagua beseni la bluu, nikampunguzia bei, akaniuliza kama bado nakimbia. Nikamwambia hapana. Akasema na yeye pia ameacha.