Fundi Kipimo na Mjapani wa Kwenye Simu

Mimi ni mtu wa oveloki. Kazi yangu ni kufunga kingo za nguo zisichomoke nyuzi, na miaka kumi na minane sasa naifanya nikiwa nimepakana meza na fundi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Kipimo. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, kwa sababu bwana huyu hagusi mkasi mpaka akupime mara tatu, na mara ya tatu anakupima kwa macho tu, amenuna, utadhani mwili wako umemdanganya zile mbili za kwanza. Vipimo anaviandika kwenye daftari lenye jalada jeusi, kila mteja na ukurasa wake. Tukigombana, mimi nasema maneno mia. Yeye anachukua pasi anapiga.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo alinaswaje na Mjapani?

Mjapani mwenyewe anaishi kwenye simu. Ni mchezo wa kubahatisha: nguzo tano za picha zinazunguka, zikisimama zikalingana umepata, zisipolingana umeliwa. Bwana mkubwa wa humo ni shujaa wa kale wa Kijapani, kavaa deraya nyekundu ya vitani na kofia ya pembe, kakunja uso kama mtu aliyeshonewa suruali ya kubana. Upanga wake ukitokea unaziba nafasi ya picha yoyote iliyokosekana. Kuna kinyago chenye meno, hicho kinazidisha ulichopata mara tatu. Na kuna bibi mmoja kajificha uso kwa upepeo wa karatasi. Huyo akitokea mara tatu kwa mpigo, ngoma inalia, maua yanamwagika kioo kizima, na unapewa mizunguko kumi ya bure. Haya yote nayajua mimi ambaye sijawahi kuucheza, kwa vile nilivyosimuliwa mpaka masikio yakachoka.

Alianza kuucheza mwaka wa pili baada ya kumzika mkewe. Marehemu alikuwa na tabia ya kumpigia simu saa saba kamili mchana kumuuliza kama amekula. Hakuna siku aliyoruka, hata siku waliyoamka wamenuniana. Alipoondoka, saa saba ikawa inafika na Kipimo anaitazama simu, simu nayo inamtazama. Halafu siku moja ikaja na tangazo la Mjapani, na kuanzia hapo saa saba ikawa ya ngoma. Ndiyo maana sikumsema sana mwanzoni. Nilimwonea huruma, na huruma ikaniziba mdomo wangu ambao kwa kawaida hauna breki.

Kulikuwa na sehemu ya kujaribu kwa sarafu za bandia, na huko Mjapani alikuwa mkarimu kupita kiasi. Kipimo akaniita, macho yanang'aa.

"Dada, hiki kitu kina marudio."

Marudio ni jambo letu mafundi. Kitambaa cha maua ukikikagua vizuri, utaona ua lile lile linarudi kila baada ya inchi kadhaa, na fundi anayejua kazi anakata kwa kulifuata, ili maua yakutane kwenye mshono. Kwa hilo Kipimo hana mpinzani. Basi akaamini kwamba Mjapani naye amechapwa hivyo hivyo: ukihesabu mizunguko kutoka bibi wa upepeo anapotokea mpaka anapotokea tena, siku moja utalijua rudio lake, na utakuwa umeshamsubiri pale na pesa halisi. Akaanza kuhesabu. Na fundi akihesabu, anaandika wapi? Kwenye daftari jeusi, chini ya ukurasa wowote uliokuwa wazi.

Nilimwambia, "Fundi, vipimo vya watu na vya shetani usiviweke ukurasa mmoja."

Akachukua pasi.

Sasa ngoja niwaeleze kuhusu kitambaa, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Marehemu, akiwa tayari mgonjwa, alinunua satini ya zambarau kwa ajili ya binti yao wa pekee. Ilikuwa ya gauni la mahafali, la kufika vifundoni, na baba ndiye angelishona. Alijua hatakuwepo siku hiyo. Satini ile ilikaa sandukuni miaka mitatu, na mwezi wa mahafali ulipofika hata duka ilikouzwa lilikuwa limeshafungwa. Hakukuwa na nyingine.

Siku ya kuikata, Kipimo alianza mapema. Nikamsikia anapiga mluzi, nikageuka. Mezani kulikuwa kumebaki kipande kizuri.

"Kimebaki," akasema. "Leo bahati imenishukia."

Nikamwambia kitambaa hakibakigi hivyo, apime tena. Yule Kipimo wa zamani angepima. Huyu wa Mjapani alikwishazoea vitu kudondoka tu kutoka juu. Alikichukua kile kipande akakikatakata maua madogo madogo ya kupachika kifuani, yale yale yanayomwagika kwenye simu.

Binti alikuja Jumatano mchana kujaribu, mahafali yakiwa Jumamosi. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka. Mabega yamekaa, kiuno kimekaa, na pindo limeishia katikati ya miundi. Akajitazama kwenye kioo, akainama, akalivuta chini kidogo kwa vidole kana kwamba litarefuka.

"Baba, mbona fupi?"

Kipimo akafungua daftari. Nilikuwa namtazama usoni, nikaona rangi inamtoka. Akalifunga taratibu.

"Kitambaa kilikuwa pungufu," akasema. "Mama yako hakupiga hesabu vizuri."

Damu ilinichemka mpaka nikashika meza. Kwa sababu mimi nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakukijua. Marehemu alinunua zaidi ya iliyohitajika, akakata nusu mita akaja nayo kwangu nyumbani. Akaniambia, "Mume wangu ni fundi, lakini gauni langu la kwanza alilishona likanibana, akasema kitambaa kimeruka kwa kufuliwa. Akikosea la mtoto, mpe hii. Ila usimpe mpaka aseme mwenyewe kwamba amekosea." Tulicheka siku hiyo, yeye akishika ubavu kwa maumivu.

Kwa hiyo nilikaa. Mimi, mtu wa maneno mia, nililifungia neno hilo mdomoni, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Binti hakulia. Alilainisha satini kwa kiganja, akasema polepole, "Usimlaumu Mama. Alikuwa anaumwa. Alijitahidi."

Kipimo akanywea. Akatafuta pasi kwa mkono, na pasi haikuwepo, maana nilikuwa nimeiweka upande wangu. Akasimama hivyo hivyo, mikono haina pa kwenda. Mwisho akalifungua tena lile daftari, akamwekea mwanawe mbele.

"Mama yako hakukosea. Soma urefu wako."

"Inchi hamsini na tano," binti akasoma. Kidole kikashuka. "Na hii arobaini na nne chini yake?"

"Hiyo ndiyo niliyokata. Ni mizunguko. Ya mchezo, wa kwenye simu. Nilikuwa namtafuta bibi mmoja atarudi lini. Nimekata kitambaa cha mama yako kwa hesabu ya kamari, halafu nimemsingizia yeye."

Binti akavuta stuli, akakaa karibu naye na gauni lake fupi. "Baba, ule mchezo haukumbuki kitu. Kila mzunguko unaanza upya kabisa. Hakuna marudio mle."

"Sasa nimeelewa," akasema, naye akaanza kulia waziwazi, mchana, mlango wa duka ukiwa wazi.

Mimi tayari nilikuwa barabarani, nakimbilia nyumbani kwangu. Nilirudi nikihema, nikaiweka ile nusu mita mezani, nikawaambia ilikotoka na maneno yaliyokuja nayo. Na kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kusema ukweli, nami nikasema wangu: nilikuwa nimeifunga kilemba mara mbili, nikidhani haitahitajika tena, na jua limeichujua. Kipimo akaiinua kwenye mwanga. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akapima mara tatu.

Jumamosi binti alivaa gauni refu lenye ukanda wa chini uliopauka kidogo. Wenzake walimuuliza mtindo ule kautoa wapi, akawajibu ni wa mama yake.

Sitawadanganya kwamba Mjapani alikufa siku ile. Kipimo alimfuta, akamrudisha, akamfuta tena. Siku hizi, kabla hajashika mkasi, ananiletea simu bila kuambiwa, naitia kwenye kopo la vifungo nafunika. Saa saba kamili inalia humo ndani, vifungo vinatetemeka, nami namfungulia kopo haraka. Ni binti anapiga. Anamuuliza kama amekula.