Kocha Aliyepiga Marufuku Salamu

Mama mzazi wa Kocha hakuielewa kazi ya mwanawe hata siku moja. "Kwa hiyo unalipwa kuwafundisha watu wazima kusimama?" alimwuliza. Kocha akajibu ndiyo, kwa namna fulani, kisha akabadilisha mazungumzo.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Alikwenda kwenye kampuni zinazotengeneza programu za kompyuta, akabandika vikaratasi vya njano ukutani, akawazoesha mafundi kufanya kazi kidogo kidogo, kuonyeshana mapema, na kukutana kila asubuhi kwa robo saa, wima, kila mtu aseme amefanya nini na kipi kimemkwamisha. Wanasimama ili maneno yasiwe mengi. Aliyebuni utaratibu huo, nadhani, hakuwahi kusalimiana na mtu.

Maana kwenye kampuni hii watu sita walisimama saa tatu kamili, na dakika kumi na mbili baadaye walikuwa bado wanazungumzia goti bovu la shangazi wa mtu. Kinara wa balaa alikuwa fundi mkongwe waliyemwita Babu. Huyo hakuweza kugusa kibodi kabla ya kumjulia hali kila mmoja, na nyumbani kwake, na mtoto aliyekuwa akikohoa juzi.

Mkurugenzi alikuwa ameshatoa onyo: Ijumaa auone ukurasa wa kutolea risiti za wateja ukifanya kazi, la sivyo mkataba wa Kocha uishie hapo. Basi Jumatatu Kocha akapiga marufuku salamu kazini.

Lo! Kikao kikaisha kwa dakika sita.

"Kipi kimekukwamisha?"

"Hakuna."

"Na wewe?"

"Hakuna, Kocha, mambo safi."

Vikaratasi vikahamia upande wa kazi zilizokwisha, kimoja baada ya kingine, na Kocha akatembea kwa maringo kama bibi harusi. Alhamisi mchana akaufungua ule ukurasa wa risiti mwenyewe. Mweupe pe.

Akaenda kukaa ngazini, kichwa mikononi. Babu alipopita na kumwona hivyo, akaisahau ile marufuku.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Vibaya, mzee. Kesho nafukuzwa kazi."

Babu akaketi. "Afadhali umesema. Ule ukurasa umenishinda tangu Jumatatu."

"Si nilikuwa nakuuliza kila asubuhi!"

"Uliniuliza mbele ya vijana niliowafundisha kazi, nimesimama kama mshitakiwa. Ningesemaje? Tulipokuwa tunasalimiana, ningemwambia fundi mwenzetu, yule binti wa dirishani, nilivyoamka, naye angejua tu kuwa nimekwama."

Na kweli, Babu alipokwenda kumsalimu na kumwambia kuwa hali si hali, binti wa dirishani hakuuliza la pili. Alivuta kiti, na baada ya saa moja risiti ya kwanza ikatoka. Kocha alitamani kumkumbatia mtu, yeyote yule.

Ijumaa Mkurugenzi aliingia saa tatu na nusu, akawakuta bado wamesimama, bado wanasalimiana. Akatazama saa yake. Lakini Babu hakumpa nafasi ya kufungua mdomo.

"Na wewe bosi, umeamkaje?"

Mkurugenzi akakohoa. Akamtazama Kocha, akaitazama risiti iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta, akaguna.

"Vibaya," akasema. "Nimekuja na barua ya kumwachisha huyu mama kazi, na sasa sijui niiweke wapi."