Kangaga za Chemchemi ya Mama

Niliondoka Kibugu, karibu na Embu ninakofundisha, kwa sababu mama yangu alitaka jibu, na jibu hilo hakuwa tayari kulipokea kwa simu. Chemchemi iliyo chini ya shamba letu, kati ya Mikinduri na Muthara, imekuwa ikipungua tangu kaka yangu Mutuma alipokata kijisitu kilichoifunika na kukipasua mbao, mwaka ule baba alipokuwa akiugua. Sasa Mutuma alitaka mama ahamie kwake mjini Meru, penye maji ya mfereji. Mama alimwambia asubiri kwanza.

"Kathure anafundisha mambo ya mimea," alisema. "Aje aangalie. Akisema msitu unarudi, mimi sitoki hapa. Akisema haurudi, nitafunga nguo zangu."

Kisha, akiwa karibu kukata simu, akaongeza: "Na kuna kitu kimeota huko. Majani kama kitana. Yamejaa kila mahali."

Nilijua ni kangaga, ule mmea usio na ua wala mbegu, unaosambazwa na vumbi la chini ya majani yake. Miaka yote hii nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba dunia imewahi kufa mara kadhaa, karibu yote, na kwamba katika miamba ya kale, juu kidogo ya tabaka la maangamizi yaliyowamaliza dinosaria, kuna mahali ambapo vumbi la kangaga limezidi kila kitu kingine. Misitu ilikuwa imeteketea. Kangaga zikatangulia, zikashika udongo, zikaweka kivuli, na baadaye sana miti ikarudi. Nilifunga safari nikiamini kwamba tabaka hilo lilikuwa limeanza upya katika shamba la mama yangu.

Asubuhi, Embu mjini, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba. Gari letu lilivuka mto Thuci, likapita Chuka, likaingia katika zile kona za kushuka na kupanda mabonde. Nilitazama vilima vilivyolimwa hadi ukingoni mwa maji, kila kipande kimepaliliwa kikawa safi kama uso uliooshwa. Sisi watu wa milima hii tunajivunia usafi wa shamba. Sikulifikiria jambo hilo zaidi, ingawa ningepaswa.

Meru mjini, Mutuma alinipokea kwa gari lake. Tulipita Mikinduri bila maneno mengi.

"Umekuja kunihukumu?" aliniuliza hatimaye.

"Nimekuja kuangalia majani."

"Ile miti ilimlaza baba kwenye kitanda kizuri cha hospitali, Kathure. Wewe ulikuwa Embu."

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo haikupunguza kitu.

Tulipofika nyumbani, saa za mchana, niliona moshi ukipanda kutoka upande wa chemchemi. Njiani kuteremka tulikutana na wanawake wa kikundi cha kanisa, majembe mabegani, sketi zimepandishwa na kufungwa kiunoni. Mama alikuwa katikati yao, amechoka, anang'aa kwa furaha.

"Muga, mwalimu," alinisalimu kiongozi wao, Mama Kendi, akinipa mkono wenye udongo. "Umechelewa. Tumemaliza kazi bila wewe."

"Kazi gani?"

"Hii mahali ilikuwa inaaibisha mama yako. Magugu yamefika kiunoni. Tukasema, huyu mtoto wake amesoma, ataona sisi watu wa Tigania ni wavivu."

"Huko kwao Embu wanapalilia chai kwa mdomo," alisema mwingine, na wote wakacheka.

Nilishuka hadi chini. Mteremko mzima ulikuwa umelimwa hadi udongo mwekundu, laini, bila jani moja. Visiki vya Mutuma vilikuwa vimesafishwa pembeni kama makaburi yaliyotunzwa vizuri. Karibu na maji, lundo la kangaga lilikuwa likiungua polepole, mizizi ikitazama juu.

"Pamependeza?" mama aliniuliza.

Walikuwa wamelima tangu alfajiri kwa ajili yangu. Mmoja wao alikuwa mjamzito. Nikasema pamependeza.

Mama Kendi akatuombea tukiwa tumesimama pale, akamwomba Mungu airudishe miti aliyoiumba siku ya tatu. Tukaitikia amina. Kisha tukapanda nyumbani tukala mukimo, na utani ukaendelea, na mimi nikacheka palipohitaji kuchekwa.

Jioni mvua ilinyesha. Ilikuwa ya kawaida, ile tunayoiombea kila msimu. Nilikaa mlangoni nikiisikiliza ikipita juu ya mteremko usio na kitu cha kuizuia.

Kulipokucha tulishuka mimi na mama, yeye akiwa na sufuria ndogo. Mahali pa chemchemi palikuwa pametandazwa tope jekundu. Mama akapiga goti, akalichimba kwa vidole, akangoja. Kilichojikusanya shimoni kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliinamisha sufuria, akakitazama, akakimwaga.

"Sasa niambie," alisema. "Usiniambie kama mtoto. Niambie kama mwalimu."

Nilimwambia kwamba yale majani waliyoyachoma ndiyo yalikuwa mwanzo.

"Yale magugu?"

"Ndiyo, Mama."

"Tukiyaacha yaote tena?"

"Yataota. Lakini udongo wa juu umeondoka, na mti hauji kwa haraka." Nilitafuta namna ya kulilainisha neno lililobaki, nikaikosa. "Msitu hautarudi wewe ukiwa hai. Hata mimi sitauona."

"Mama Kendi asiambiwe," alisema.

Akapanda kwenda kufunga nguo.

Tuliondoka kabla ya adhuhuri, Mutuma akiendesha, mabegi ya mama nyuma pamoja na kuku wawili waliofungwa miguu. Mama alikuwa amefagia ua wote. Gari likiwa tayari linanguruma, alisema amesahau kitu, akateremka tena kuelekea majini. Nilimfuata kwa mbali. Kando ya tope, kutoka katika kipande cha mzizi kilichosalimika, chipukizi la kangaga lilikuwa limechomoza, limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Mama aliliona. Akainama, akaling'oa, akalitupa kando, akapangusa mkono kwenye leso. Mtu hawezi kuacha kwake kukiwa kuchafu.

Nikatangulia kurudi garini.

Nimerudi Kibugu sasa, na somo lile limefika tena. Nilichojifunza hakimo kitabuni. Katika miamba, baada ya maangamizi mengine, ya zamani zaidi na makubwa kuliko yote, kuna mamilioni ya miaka yasiyo na makaa ya mawe hata kidogo, kwa sababu hapakuwa na misitu yenye vinamasi ya kuyaacha. Nilikuwa nikilipita tabaka hilo kwa sentensi moja: kisha uhai ukarudi. Sentensi ni ya kweli. Ila ndani yake hakuna mtu aliyepiga goti akingoja maji. Kangaga za kale zilipewa muda wote zilioutaka, na hapakuwa na yeyote duniani aliyepapenda mahali pale kiasi cha kuzing'oa.