Alama Tano Chini ya Bildi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Doornfontein, mjini Joburg, mwanangu, nilipotenda kosa dogo, la kutosha kwenye ncha ya kalamu. Wewe hunielewa kwa Kiswahili ukanijibu kwa Kiingereza. Si neno, mradi usikilize hadi mwisho.

Nilikuwa kijana, nimesoma, na nilijiona. Nilinakili ramani kuukuu katika karakana ya Mzee Salehe, mtu wa Tanga asiyependa maneno mengi. Siku hiyo mezani palikuwa na ramani ya mabaharia wa Kiingereza wa kale, waliofika pwani ya nchi hii wasijue hata inaitwaje. Walikuwa wakiteremsha bildi, kipande kizito cha risasi kilichofungwa kamba, ili kupima kina cha maji. Chini yake walipaka mafuta magumu ya ng'ombe, mchanga unate wajue sakafu ya bahari ikoje. Kila walipopima waliandika tarakimu. Katika ghuba moja ndogo, tarakimu zilikoma. Pembeni nahodha alikuwa ameandika: “Mafuta yamerudi na alama tano, kama za vidole. Sijui ni za nini. Sikupima zaidi.”

Nakala ilikuwa ya rafiki yangu Amani, mpiga mbizi kutoka Uvira, aliyeajiriwa kutafuta vyuma vya meli iliyozama katika ghuba hiyo hiyo. Ile nafasi tupu iliniudhi. Nikamkumbuka mtu mmoja kwenye foleni ya mikate kule mtaa wa Rosettenville, aliyedai amesikia kwamba wavuvi husema pale pana kina cha pima nane, kila pima kama kimo cha mtu. Nikaandika nane katika nakala zote mbili, ya Amani na ya karakana. Amani akachukua nakala yake, akasafiri.

Kesho yake Mzee Salehe alipitia nakala iliyobaki karakanani. Kidole chake kikasimama kwenye ile nane.

“Nani alipima hapa?”

“Wavuvi, mzee.”

“Uliwaona?”

Nikasema hapana, kuna mtu aliyesikia habari zao.

“Basi unampeleka Amani majini kwa sikio la mtu usiyemjua,” alisema. “Mfuate.”

Kule hakukuwa na simu. Nilipanda basi kutwa nzima, na asubuhi nikamkuta Amani na wenzake wakisukuma mashua yao ndogo majini.

Amani alicheka. “Yaya, mkubwa wangu, umetoka Joburg mpaka huku juu ya namba moja? Eish, masomo yatakuua.”

Niliingia mashuani, nikaomba bildi yao, nikaipaka mafuta kwa mkono wangu.

Nje ya ghuba mawimbi yalipiga mawe kwa kishindo. Tulipoingia mdomoni mwake, kishindo kilikatika, kana kwamba mlango umefungwa nyuma yetu. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Nikateremsha kamba pale nilipoandika nane. Haikufika hata nusu pima, ikagonga mwamba. Kwa mwendo waliokusudia kuingia nao, wakiiamini nane yangu, mashua ingepasuka mwambani, na Amani angenaswa chini yake.

Nikaivuta bildi. Amani aliyatazama mafuta, akaacha kucheka. Palikuwa na alama tano, nne pamoja na moja kando. Akaweka vidole vyake juu ya alama hizo. Havikuenea, maana alama zilikuwa ndogo mno. Tukageuza mashua bila kuambizana. Siku ile hakuna aliyepiga mbizi.

Huko mtaani Fordsburg nimewasikia watu wakisimulia kwamba niliuona mkono. Sikuuona mkono. Niliona alama tano, sijui ni za nini, na miaka yote hii sijaongeza neno.

Niliporudi, Mzee Salehe alinipa wembe. Nikaikwangua ile nane hadi nafasi ikabaki tupu, kama alivyoiacha nahodha.

Mwanangu, kila siku unasambaza kwenye simu yako sauti za watu usiowajua. Nakuagiza hivi: usimwambie mtu anayekutegemea jambo usilolipima mwenyewe. Ukikutana na usichokielewa, sema ulichokiona, uishie hapo. Usione haya kuacha nafasi tupu. Yule nahodha hakuona haya, na Amani leo ana wajukuu.

Mungu akupe macho ya kuona, na ulimi unaojua kusimama pale macho yanapoishia. Na kila utakapoteremsha kamba mahali pasipojulikana, akurudishe salama kwetu.