Saa Moja ya Komakech

Kazi ya Komakech katika ofisi ya tiketi pale Nakasero ilikuwa kuulizwa. Miaka tisa watu walimuuliza kuhusu ndege ya Entebbe kwenda Nairobi, naye akajibu bila kuinua kichwa: maili mia tatu na ishirini, saa moja angani, hata usingizi haunogi. Ayot, mkewe, alilalamika kwamba hata ndotoni alitaja maili. Maskini, aliringia kazi ile kama mwenye zizi la ng'ombe.

Asubuhi moja ya mwaka 1973 akaingia askari aitwaye Fadhul, bunduki begani.

"We mzee, ndege ya Nairobi saa ngapi?"

"Saa moja," Komakech akajibu kwa mazoea.

"Kumbe jioni! Basi wakati iko. Ile mwalimu Okullo tutamkamata uwanjani." Akatoka akipiga mluzi.

Hapo ndipo Komakech alipoinua kichwa. Askari kauliza ndege inaondoka lini, yeye kajibu inachukua muda gani. Ndiyo lugha yetu hiyo, saa ni saa tu! Ndege ilikuwa ya saa nane mchana, na jina la Okullo lilikuwamo kwenye orodha mbele yake. Mlango ulikuwa hatua sita. Angeweza kumwita Fadhul, lakini hakumwita. Okullo hakuwa ndugu yake wala jirani yake, lakini Komakech alirudi kwenye tiketi zake, na saa nane ndege ikaruka na mwalimu ndani.

Kesho yake wakamjia, Fadhul na afande wake. Hawakusalimu. Kitako cha bunduki kilimpiga mdomoni, meno mawili yakaangukia tiketi. Wakamburuta hadi uani, wakamchapa kwa waya mpaka shati likashikana na nyama.

"Wewe naficha adui! Lisema saa moja!" Fadhul alifoka.

"Saa moja ya angani, afande!" Komakech alilia, damu ikimjaa kinywani. "Huyu aliuliza saa ngapi. Kila mtu huniuliza hivyo, nami hujibu hivyo hivyo."

Afande akainua mkono, waya ukatulia. Akacheka kicheko kibaya, kisha akamgeukia Fadhul.

"Na wewe litaja jina ya ule mwalimu hapa?"

Kumtaja anayewindwa mbele ya raia kulikuwa kujichimbia kaburi, na Fadhul alilijua hilo.

"Hapana, afande. Mimi nauliza tu, natoka."

"Karani, ni kweli?"

Komakech alimtazama Fadhul. Kama jina lilitajwa, basi karani alijua anayetafutwa na akanyamaza kusudi, na hakuna ambaye angemwokoa.

"Ni kweli, afande. Hakutaja mtu."

"Basi karani hana makosa," afande akasema. "Makosa ni ya mtu hajui kuuliza."

Akachomoa bastola, akampiga Fadhul risasi ya shingo. Kijana yule alianguka ukutani, akashika koo kwa mikono miwili, buti lake likikwaruza changarawe kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia kutazama. Afande aliwasha sigara akimngoja anyamaze.

Komakech aliamriwa kuosha ua. Alipiga magoti na ndoo, mgongo ukimwaka moto, akasugua damu ya mwenzake pamoja na yake. Na katikati ya kusugua akajikuta anafurahi, anafurahi kweli kweli, moyo unamruka kama wa mtoto siku ya Idi, kwa kuwa aliyelala pale hakuwa yeye. Maumivu yote ya siku ile alimsimulia Ayot. Furaha hiyo hakuthubutu kumwambia hata siku moja.