Msaidizi Wangu Chini ya Kofia

Ninamshukuru Mungu aliyenipa miaka mingi na mke mwerevu kuniliko, kwani bila hivyo viwili nisingekuwa na kisa hiki.

Tulikwenda Kabete kuzungumzia mahari ya mwanangu, mimi nikiwa msemaji wetu. Mama Njoroge alibaki nyumbani Woodley akiuguza goti, lakini tulikuwa na mpango. Chini ya kofia nilivaa kidude cha bluetooth, kile cha sikioni kisicho na waya. Simu niliiweka mezani, chini ya Biblia, sauti ikiwa juu kabisa. Mke wangu alinong'ona sikioni, nami nikarudia, na wazee wakatikisa vichwa.

"Mzee, umejaliwa hekima," alisema nyanya wa binti.

"Ni Roho anayenipa maneno," nikajibu.

Chai ikanibana, nikaenda choo cha nje, nyuma ya zizi. Huko sikio likanyamaza. Muuzaji wa Westlands alikuwa amenieleza kwamba kidude kikiwa mbali na simu huachana nayo, na sauti hurudi simuni. Niliitikia tu, kama ninavyoitikia mahubiri marefu.

Niliporudi, sebule nzima ilikuwa ikiisikiliza Biblia.

"Wakitaka mbuzi wa ziada, kataa," Biblia ilisema. "Na wacha mandazi, Baba Njoroge, una sukari."

Nyanya akaichukua simu, akinitazama.

"Habari yako, Roho," alisema. "Mzee wako alikuwa chooni. Hebu tuzungumze sisi wawili."

Wewe unayesoma, Bwana akubariki, akujalie wakwe wanaocheka.