Mwizi wa Ozioma Sokoni Nkwo

Mniache nipumzike. Kila kijana akinunua kamera mnamleta kwangu: mama, msimulie habari ya Ozioma. Kwani Ozioma amekufa? Si yule pale jirani? Haya, naandika mara moja, msinisumbue tena.

Ozioma alikuwa fundi cherehani. Aliwashonea waigizaji wa filamu wa kutoka mji wa Asaba mpaka akasema, hawa wamenizidi nini? Akaazima kamera, akatunga hadithi ya jambazi, na nafasi ya jambazi akampa mdogo wake Kosi, kijana mwenye mbio na maneno matamu. Bunduki ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi nyeusi.

Akataka nyuso zenye hofu ya kweli, za watu wasiojua kwamba ni filamu. Basi mpiga picha wake, Dubem, akamficha juu ya paa la duka la vitambaa, siku ya soko la Nkwo. Vijana wa getini aliwanywesha bia. Lakini Omu, mama mkuu wa soko, ambaye hata muuza pilipili hatandiki mkeka bila ridhaa yake, hakumpelekea hata punje moja ya kola ya kuomba ruhusa.

"Yule bibi atanichelewesha na dua zake," alisema.

Na wiki iliyotangulia majambazi walikuwa wamemuua muuza mafuta palepale.

Kosi akapokonya mkoba, akainua bunduki. "Laleni chini!"

Nani alale? Mchi wa kwanza wa wanawake wa soko ulimpata begani, wa pili ukamng'oa meno. Ozioma, kwenye kibanda alikojificha kutazama, alidhani mdogo wake anaigiza vizuri, mpaka alipoona jicho lake limejaa damu.

"Ni filamu! Jamani, ni filamu!"

"Kamera iko wapi?" akauliza muuza nyama, panga mkononi.

Ozioma akaonyesha paani. Dubem alikuwa amejifunika turubai, yeye na kamera yake.

"Mwenzao yule! Mshusheni!"

Tairi likaja likibiringishwa. Petroli ikamwagwa. Ozioma akajitupa juu ya Kosi. Wakampiga mgongo, wakamvunja mkono wa kushonea, hakuachia.

"Tuchomeni wote! Tumenyonya ziwa moja!"

"Ziwa gani hilo, la nyoka?" mwanamke mmoja akamtemea mate.

Kiberiti kikatolewa. Hapo Omu akafika, akamzaba kofi mwenye kiberiti mpaka kikaanguka matopeni.

"Sokoni kwangu hachomwi mtu kabla sijamjua!" Akaokota bunduki, akaivunja gotini. Mbao nyeupe ikachomoza, watu wakarudi nyuma. Akamwinamia Ozioma. "Wewe, ulikuja kwangu lini?"

Ozioma akazidi kumkumbatia Kosi.

"Nakuuliza!"

"Sikuja, mama."

"Ndiyo maana unanuka petroli."

Kosi aliishi, jicho la kushoto halikuishi. Wauza filamu waliitaka sana picha ya kile kipigo, aliyoipiga Dubem kutoka paani, wakasema ndiyo biashara. Ozioma akaifuta mbele ya Kosi, akidhani atasamehewa. Kosi akainuka, akatoka nje. Hajala chakula cha Ozioma tangu hapo.

Siku hizi Ozioma hatoi kamera mfukoni kabla hajapiga magoti kwa Omu, na yule atakayeigiza mwizi amemshika mkono, apitishwe kila meza wamwone uso.

Sasa wewe unayeanza, weka hiyo kamera chini. Nenda kwa mwenye soko lako leo, jua halijazama, umpeleke na mwizi wako. Kisha uje uniambie kwa mdomo wako amekujibu nini.